Kompyuta mpakato ya kazi nzito na chaja yake: namna ya kuchagua ukiwa Lubumbashi

Hapa Lubumbashi wanaohitaji kompyuta mpakato yenye nguvu ni wengi: mwanajiolojia anayejenga umbo la tabaka la shaba katika programu za Leapfrog au Surpac, msanifu majengo anayetumia ArchiCAD, mchora ramani wa QGIS, mhariri wa video za harusi. Karibu wote huuliza kwanza prosesa, kisha RAM, kisha bei. Chaja huikumbuka wakati wa kulipa, wakaridhika na yoyote watakayotiliwa mfukoni. Ninawasihi wabadili utaratibu huo, kwa sababu kompyuta ya aina hii haiwezi kufanya kazi kupita nguvu inayoletwa na chaja yake.

Hata hivyo kinachotangulia ni kazi yenyewe. AutoCAD hutegemea zaidi kasi ya kiini kimoja cha prosesa, kwa hiyo mchoraji wa nyumba hafaidiki sana na wingi wa viini ikiwa kila kimoja kinakwenda polepole, ilhali anayetengeneza picha za majengo kwa Blender atavitumia viini vyote pamoja na kadi ya grafiki. Katika prosesa za Intel, soma herufi inayofuata namba: U kwa kawaida ilikusudiwa wati 15, H wati 45, na HX wati 55. Core i7 yenye U na Core i7 yenye H ni ndugu kwa jina tu, na muuzaji anayekuambia “ni i7” bila kutaja herufi hajakuambia kitu. Kwa RAM, GB 16 zinatosha michoro ya kawaida, lakini kwa maumbo ya migodi ningeanzia GB 32, tena katika mashine ambayo RAM yake inaweza kuongezwa baadaye.

Kadi ya grafiki inataka uangalifu zaidi, maana jina lake peke yake halitoshi. Kadi ileile ya NVIDIA huruhusiwa wati nyingi ndani ya mashine nene na wati chache ndani ya mashine nyembamba, na tofauti hiyo huonekana wazi katika muda wa kumaliza kazi. Kwa mji wetu napendelea mashine nene, kama vile Dell Precision za mfululizo wa 7000, Lenovo ThinkPad P au HP ZBook Fury. Ni nzito begani, lakini hupoa vizuri zaidi katika joto la Oktoba, na fundi anaweza kuzifungua kusafisha feni baada ya miezi ya kiangazi, wakati vumbi jekundu linapoingia kila mahali.

Sasa chaja. Igeuze usome kibandiko chake sehemu inayoeleza umeme unaotoka, kisha zidisha volti kwa ampea. Volti 19.5 kwa ampea 6.67 ni wati 130, volti 19.5 kwa ampea 12.3 ni takriban wati 240. Volti 20 kwa ampea 8.5 ni wati 170, na kwa ampea 11.5 ni wati 230. ThinkPad P53, kwa mfano, ilitolewa na chaja ya wati 170 au 230 kulingana na kadi iliyomo, kwa hiyo mashine mbili zinazofanana sura huenda zikahitaji chaja tofauti. Ukipata chaja ya wati nyingi kuliko zinazotakiwa, ya kampuni ileile, volti ileile na ncha ileile, usiogope: kompyuta huchukua kiasi inachohitaji. Chaja ya wati pungufu ndiyo yenye taabu. Mashine itapunguza kasi, au itaanza kunyonya betri huku imechomekwa ukutani.

Ncha kuingia vizuri si ushahidi kwamba chaja inafaa. Katika chaja za Dell zenye ncha ya duara, sindano ya katikati huipa kompyuta taarifa za chaja. Taarifa hiyo isipofika, mashine hutoa onyo, hukataa kujaza betri na kushusha kasi ya prosesa. Ndiyo maana chaja ya bandia inaweza kuiwasha kompyuta bila tatizo mbele ya muuzaji, kisha ikakuangusha kazini. Kwa upande wa USB-C, kanuni ya Power Delivery, inayoongoza uchaji wa njia hiyo, iliishia wati 100 hadi toleo la 3.1 la mwaka 2021 lilipofungua njia ya wati 240, na ni lazima kompyuta, chaja na waya vyote vitatu vikubali kiwango hicho. Waya wa simu hautafaa.

Upande wa ukutani, hakikisha kibandiko kinasema volti 100 hadi 240. Chaja ya namna hiyo huvumilia umeme unaposhuka jioni. Hatari kubwa iko pale umeme unaporudi kwa kishindo baada ya delestaji, yaani mgawo wa umeme, na pale radi zinapopiga wakati wa masika. Umeme ukikatika, chomoa chaja, na uirudishe baada ya dakika chache za utulivu. Mizigo inayopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mara nyingi huja na plagi ya Zambia yenye meno matatu bapa, wakati soketi nyingi za hapa ni za matundu mawili ya duara. Usitumie adapta dhaifu inayoacha nje waya wa ardhi. Nunua waya mzima wenye plagi yetu, kwa kuwa upande unaoingia kwenye chaja hutenganishwa kwa urahisi. Ukihisi mwili wa kompyuta unakutekenya vidole, mweleze fundi umeme akague waya wa ardhi wa nyumba, kwani katika nyumba nyingi soketi ina kijiti cha ardhi ambacho hakikufungwa popote.

Anayetegemea paneli za jua apige hesabu kabla ya kununua. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 200 (ampea-saa) ina takriban Wh 2,400 (wati-saa), na ukitaka idumu utumie nusu tu, yaani Wh 1,200. Sehemu ya hizo hupotea kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, zikakubakia kama Wh 1,000. Kompyuta inayovuta wastani wa wati 150 itafanya kazi saa sita na ushee. Inveta iwe ya wimbi safi (pure sine wave), kwa sababu zile za bei rahisi huzipasha chaja joto na kuzifanya zilie.

Kwa mashine iliyotumika, usilipe kabla ya jaribio. Hakikisha BIOS, programu ya msingi inayoiamsha kompyuta, haina nenosiri. Katika Command Prompt ya Windows andika amri powercfg /batteryreport na ulinganishe uwezo wa sasa wa betri na ule wa kiwandani. Kisha chomeka chaja ileile utakayopewa, fungua mradi wako halisi uliokuja nao kwenye flashi, uitumikishe mashine kwa nusu saa huku ukitazama asilimia ya betri. Ikipungua ilhali imechomekwa, wati hazitoshi au chaja imechoka. Omba nyingine na urudie. Stakabadhi iandikwe namba ya mashine pamoja na wati za chaja, ili ukirudi na tatizo pasiwe na ubishi juu ya ulichouziwa.