Jinsi ya kupanga kampeni ya kisheria ikazaa kitu, kwa walioko Mbeya, Iringa na jirani

Kampeni nyingi za haki huku Nyanda za Juu hazifi kwa kukosa hela, zinakufa kwasababu zimeanza na tisheti. Ukumbi umelipiwa, mgeni rasmi kaja kaongea kaondoka, afu ukiuliza mlitaka nani abadilishe nini hamna anaejua. Nawaandikia wasaidizi wa kisheria, mawakili vijana na vikundi vya mtaani, na mfano wangu mwanzo mwisho ni dhamana.

Hatua ya 1: Kata tatizo mpaka liwe dogo

"Tunataka mageuzi ya haki jinai" sio kampeni, hiyo ni kazi ya wizara nzima. Shuka chini. Watu wako mahabusu kwanini? Wengine makosa yao hayana dhamana kisheria, wengine upelelezi haujakamilika, wengine dhamana iko wazi na hakimu kashaitamka ila masharti yamewashinda, wadhamini wawili, barua ya serikali ya mtaa, vitambulisho, na mtu mwenyewe katoka Kyela kuleta mchele soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini, hana hata ndugu mmoja mjini wa kumsainia. Hayo ni matatizo matatu na kila moja lina mlango wake. Chagua moja. Mimi nachukua hilo la mwisho maana halihitaji Bunge.

Hatua ya 2: Jua kalamu iko kwa nani

Hapa kaa sana, usikimbilie. Suala la makosa yasiyo na dhamana watu walishalipeleka mahakamani. Mwaka 2018 kwenye kesi ya Jeremia Mtobesya Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kifungu kilichompa DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka wa serikali) uwezo wa kuzuia dhamana kwa hati yake tu kinavunja Katiba, ila 2020 kwenye kesi ya Dickson Sanga mahakama hiyohiyo ikasema orodha ya makosa yasiyodhaminika haivunji Katiba. Kwahiyo anaetaka kuigusa ile orodha leo njia yake ni Dodoma, kwa Waziri wa Katiba na Sheria na kwa wabunge, na mkononi awe na ripoti ya ile Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Chande iliyokabidhiwa kwa Rais Julai 2023.

Na kama unawaza kesi ya kikatiba, kumbuka marekebisho ya sheria ya 2020 yalimtaka mlalamikaji aape namna yeye binafsi alivyoathirika, sio aende tu kwa niaba ya wananchi, kwahiyo hakikisha kwanza sharti hilo likoje leo. Tafuta muathirika kwanza, wakili baadae.

Lakini barua ya serikali ya mtaa? Kalamu iko kwa mwenyekiti na mtendaji, juu yao mkurugenzi wa halmashauri. Masharti ya wadhamini ni hakimu, na msimamizi wa kanda ni Jaji Mfawidhi. Angalizo: jaji hawezi kumwambia hakimu aamue vipi kesi fulani na wewe usimuombe hivyo, omba kuhusu utaratibu. Chukua karatasi uandike cheo, anachoweza kufanya, na nani anamsikiliza. Ukiona umeandika "serikali" au "wadau" futa.

Hatua ya 3: Daftari

Kesi zinasikilizwa hadharani, nenda ukae. Chora safu sita: tarehe, mahakama, kosa, dhamana imetolewa au la, sharti lililoshindikana, amerudishwa mahabusu siku ngapi. Majina usiandike, weka namba, na ukitaka kutumia habari ya mtu mpe fomu asaini kwanza, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Afu toka nje uongee na ndugu wanaosubiri karandinga, kule ndo kuna mambo. Utamkuta mama kashika barua imekunjwa mara nne, muhuri haukukolea wino, karani kaikataa, mwenyekiti wa kugonga tena yuko shamba anachimba viazi mpaka jioni, na kijana wake anapanda gari kurudi gerezani kwa ajili ya wino. Hicho ni kitu hakimu hakioni akiwa kwenye kiti chake, na ndicho utakachompelekea mkurugenzi.

Hatua ya 4: Ombi la ukurasa mmoja

Kiswahili, tangu 2021 ndo lugha ya sheria na mahakama, acha kujitutumua. Mfano: "Tunaomba kila ofisi ya mtaa iwe na mtu wa pili wa kugonga muhuri mwenyekiti asipokuwepo, na barua ya mdhamini itolewe siku hiyohiyo bila malipo." Basi. Jedwali la daftari nyuma ya karatasi.

Hatua ya 5: Kalenda

Wiki ya Sheria inaanguka mwishoni mwa Januari kuingia Februari, majaji na mahakimu wanatoka kuongea na watu, ndo pa kukabidhi. Bunge la bajeti ni Aprili mpaka Juni, ukienda na ombi la hela mwezi Juni mwishoni umechelewa. Baraza la madiwani linakaa kila robo mwaka, mshike diwani wako kabla ya kikao. Mikutano ya vijijini usiipange kipindi cha mvua kubwa, Rungwe na Makete utaongea na viti.

Hatua ya 6: Redio na barabarani

Redio za mikoani zinasikilizwa sana, ila usijadili kesi inayoendelea. Maandamano au mkutano wa hadhara polisi wanapewa taarifa kwa maandishi saa 48 kabla.

Hatua ya 7: Wakishasema ndio

Rebeca Gyumi alishinda Mahakama Kuu 2016 kuhusu umri wa mtoto wa kike kuolewa, serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha sheria, ikakata rufaa, ikashindwa 2019, na mwaka mwingine ukapita sheria ikiwa vilevile. Sasa we umeahidiwa kwa mdomo tu kwenye kikao unashangilia nini? Dai waraka wenye namba na tarehe, toa kopi zibandikwe kila ofisi ya mtaa, halafu baada ya miezi mitatu jaza daftari upya safu zilezile. Kama namba hazijashuka, peleka majedwali yote mawili kwa mkurugenzi na nakala kwa Jaji Mfawidhi.