Kabla chuo hakijatangaza masomo ya simu: ya kuzingatia Kigoma na Tabora

Chuo cha maendeleo ya wananchi kikiamua kuanzisha masomo mseto, yaani nadharia kwenye simu na vitendo chuoni, kishawishi cha kwanza huwa ni kununua vifaa: kompyuta, projekta, mfumo. Ununuzi na uje mwisho. (Projekta zilizofunikwa kitambaa ofisini mwa wakuu wa vyuo nimeziona za kutosha.) Anza na mwanafunzi.

Usimuulize kama ana simu, maana karibu kila mtu atakujibu anayo. Muulize ni simu janja au kitochi, ni yake au ya mume, inachajiwa nyumbani au kibandani kwa kulipia, na akiwa kwao mtandao anaupata ndani ya nyumba au mpaka apande mlimani. Majibu ya watu wa Mwanga mjini Kigoma hayatafanana na ya wale wa vijiji vya kusini mwa mkoa, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako usafiri ni boti. Ukishayapata ndipo uchague namna ya kufundishia. Video ya dakika 10 ya ubora wa kawaida hula takribani MB 75. Somo la sauti la muda huohuo, likirekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, halifiki hata MB 3. Kwa mtu anayenunua bando la siku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atafungua somo au ataliacha. Video zipakiwe kwenye kadi za kumbukumbu siku wanafunzi wanapokuja chuoni, na mtandao ubaki kwa sauti, maandishi na maswali.

Halafu kuna kalenda, na hapa mipango mingi hukwama kwa sababu hupangwa kwa mihula ya mjini. Kwa mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge, mvua zikianza ni kupandikiza, na kuanzia mwanzoni mwa mwaka ni kuchuma na kushinda kwenye mabani akikausha. Fedha huja masoko yakishafunguliwa. Ukimdai ada Januari, umemfukuza kabla hajaanza. Kigoma nako mvuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa taa hazivuti samaki, hivyo mitumbwi hupumzika mwaloni. Ratiba ya "kila Jumanne saa mbili usiku" itamkuta majini nusu ya mwezi. Ipangwe kwa kufuata mwezi wa angani, hata kama mhasibu atacheka. Mwaka 2024 upande wetu wa Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Kipindi cha aina hiyo ni nafasi ya kozi nzima ya injini za boti au ya usindikaji wa samaki, mradi chuo kiwe kimejiandaa kabla ya Mei.

Kuhusu kipi kiende mtandaoni na kipi kibaki karakanani, hatuanzi sifuri. Mwaka 2016 VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na kampuni ya simu ya Airtel walileta programu ya VSOMO: nadharia unaisoma kwenye simu, kisha unakwenda kituoni kufanya vitendo. Mgawanyo huo una mantiki. Kanuni za usalama wa umeme, hesabu za vipimo vya kitambaa na majina ya vifaa vinasomeka popote. Kuchomelea hakusomeki hivyo.

Jambo ninaloliona zito kuliko yote ni nani atamjibu mwanafunzi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia waliofuatilia vyuo vya jamii vya Virginia na Washington, Marekani, walikuta kwamba waliosoma mtandaoni walishindwa au kuacha masomo zaidi ya waliosoma darasani. Hao wana umeme na intaneti kutuzidi. Kwetu, vyuo hivi vinapokea wasichana waliokatishwa shule na watu wazima walioacha vitabu zamani. Wao ndio wanaohitaji zaidi kusoma bila kuhama nyumbani, na ndio wepesi wa kukata tamaa wakikaa siku nne bila jibu. Kwa hiyo kila mwalimu apewe orodha ya wanafunzi wake, saa za kuwapigia zihesabiwe kwenye mzigo wake wa kazi, na vocha itoke chuoni. Bila hivyo, atawapigia wiki mbili za mwanzo, kisha basi. Asiyeonekana wiki nzima apigiwe simu ya kawaida. Kumtumia ujumbe mwingine kwenye kundi hakutoshi.

Mengine ni ya haraka. Ithibati: onana na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, kabla ya kuchapa vipeperushi, si baada. Taarifa za wanafunzi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakihusu chuo pia, hivyo matokeo yenye majina na namba za simu yasimwagwe kwenye kundi la WhatsApp. Umeme: seva ndogo ya chuoni, yaani kompyuta inayohifadhi masomo, iwe na betri au sola, na kila kazi iwe na siku mbili za nyongeza, ili umeme ukikatika mwanafunzi asihesabiwe mzembe.

Fedha zihesabiwe kuanzia mwaka wa pili, mfadhili akishaondoka. Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, ni programu ya bure, lakini pa kuiweka ni pa kulipia kila mwaka, jina la tovuti vilevile, na fundi wa kuitunza naye anakula. Nywila za mfumo zijulikane na watu wawili angalau, na ziandikwe kwenye daftari linalofungiwa kabatini. Mhusika akihamishiwa Nzega, chuo kisianze kumtafuta kwa simu ili kifungue madarasa yake chenyewe.