Jinsi ya Kuzuia Ajali za Ndege za Kijeshi Kabla Injini Haijawashwa

Ndege ya kijeshi hutumwa mahali ambapo ndege ya abiria haiendi. Huruka chini karibu na vilima, hutua kwenye uwanja wa shule usio na mnara wa kuongozea ndege, hubeba silaha, na mara nyingi huondoka kwa haraka kwa sababu kuna mtu au jambo linaloisubiri. Hatari hiyo haiwezi kuondolewa yote. Hata hivyo, mtu akizifuatilia ajali za aina hii moja baada ya nyingine, atakuta mara nyingi kwamba dalili zilionekana ardhini, saa kadhaa au hata miaka kadhaa kabla ya ndege kuanguka, na kwamba aliyeziona alinyamaza au alisema na hakusikilizwa.

Mwongozo huu unawalenga maafisa vijana, mafundi na wasimamizi wa safari katika kambi kama Moi Air Base iliyoko Eastleigh, pamoja na raia wanaoishi karibu na kambi hizo. Jambo ninalolishikilia ni kwamba yeyote mwenye sababu ya kusema ndege isiruke lazima apewe nafasi ya kulisema hilo na lifuatwe, awe koplo au kanali. Tumezika watu wengi. Tarehe 10 Aprili 2006, ndege aina ya Y-12 ya Jeshi la Wanahewa iligonga kilima karibu na Marsabit katika hali mbaya ya hewa, na watu 14 kati ya 17 wakafa, wakiwemo wabunge waliokuwa wakienda kwenye mazungumzo ya amani. Tarehe 12 Agosti 2012, helikopta tatu za kivita za Uganda aina ya Mi-24, zikielekea Somalia, zilianguka Mlima Kenya. Tarehe 18 Aprili 2024, helikopta iliyombeba Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, na watu 10 kati ya 12 waliokuwa ndani wakapoteza maisha.

Piga hesabu ya hewa ya Nairobi

Anza na hewa yenyewe, kwa sababu hapa kwetu ni nyepesi kuliko watu wengi wanavyodhani. Uwanja wa Wilson uko futi 5,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Eastleigh haiko chini sana ya hapo. Kwa kipimo cha kawaida kinachotumiwa na marubani duniani kote, joto katika mwinuko huo linapaswa kuwa nyuzi 4 za Selsiasi. Sasa chukua mchana wa Februari ambapo kipimajoto kinaonyesha nyuzi 26. Tofauti ni nyuzi 22, na kila nyuzi moja ya ziada huongeza takriban futi 120 kwenye mwinuko ambao ndege hujihisi ipo. Zidisha, upate futi 2,640, kisha ujumlishe na zile 5,500. Helikopta iliyosimama kwenye lami ya Nairobi saa nane mchana inafanya kazi kana kwamba tayari iko zaidi ya futi 8,100 angani: injini inapata hewa kidogo, mapanga yanashika hewa kidogo, na uzito ulioinuliwa bila shida Mombasa unaweza kukataa kunyanyuka hapa.

Kwa hiyo fanya hesabu hiyo mara mbili, kwa mahali pa kuondokea na kwa mahali pa kutua, na utumie joto la saa ambayo ndege itakuwa hapo badala ya joto la asubuhi ulipokuwa ukiandika mpango. Wapime abiria na mizigo yao kwenye mizani, maana kumkadiria askari mwenye fulana ya kuzuia risasi, bunduki na begi kwa kumtazama tu ni kujidanganya. Uzito ukizidi, punguza mafuta ikiwa safari inaruhusu, la sivyo punguza watu, na atakayebaki asubiri safari ya pili. Mahali pa kuwa mkali zaidi ni kituo cha mwisho kabla ya kurudi nyumbani, ambapo watu wawili watatu huomba lifti na kila mmoja ana sababu nzuri.

Njia rahisi ya kupata hewa nzito ni kuondoka mapema, lakini kuanzia Juni hadi Agosti wingu la asubuhi hulala chini juu ya Nairobi, Ngong na Limuru, kiasi kwamba saa ambayo hewa ni nzuri kwa injini ndiyo saa ambayo rubani haoni kitu. Msimamizi wa safari anatakiwa kuyapima yote mawili kwa pamoja. Yasipopatana, basi safari isogezwe mbele au ifutwe.

Amua utageukia wapi kabla ya kuliona wingu

Sikio la mwanadamu lina majimaji yanayotuambia tumesimama wima au tumeinama, na ndani ya wingu majimaji hayo hudanganya. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa kutegemea vyombo, wakawekwa katika hali ya kutoona nje. Wote walishindwa kuidhibiti ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Rubani wa jeshi amefunzwa zaidi ya hao, lakini mwili wake ni uleule, na akiwa chini karibu na vilima nafasi ya kurekebisha kosa ni ndogo mno.

Hatua ya kuchukua ni kuandika masharti ya safari mezani, akili ikiwa imetulia. Andika umbali mdogo kabisa wa kuona mbele unaoukubali, kimo cha chini kabisa cha wingu, na mahali kwenye ramani ambapo, masharti hayo yakivunjika, ndege itageuka. Mahali hapo pachaguliwe kabla ya milima. Vilima vya Ngong vinafika mita 2,460, navyo viko karibu kabisa na Nairobi. Mlima Kenya una mita 5,199, na mara nyingi kilele chake hufunikwa na mawingu kuanzia kabla ya adhuhuri. Rubani akijikuta ameingia winguni bila kupanga, asishuke kutafuta ardhi. Aangalie vyombo, anyooshe mabawa au mapanga, apande hadi kimo salama cha eneo hilo, kisha ndipo azungumze na mnara. Zoezi hili lifanywe kila mwezi kwenye mashine ya kuigiza urukaji, au angani pamoja na mwalimu, kwa sababu linasahaulika haraka.

Karakana na daftari

Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa Wright Field, Ohio, ndege mpya ya Boeing ya kuangusha mabomu iliruka mbele ya maafisa wa jeshi la Marekani, ikainua pua, ikaanguka na kuwaka moto. Komeo linalozuia usukani wa mkia usitikiswe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa halikuwa limefunguliwa. Rubani, Meja Ployer Hill, alikuwa na uzoefu mkubwa. Baada ya hapo ndipo jeshi hilo lilipoanza kutumia orodha ya ukaguzi inayosomwa kwa sauti, na hadi leo isomwe hivyohivyo: mmoja asome, mwingine aguse kifaa kwa mkono na kujibu. Kuitikia kwa mazoea bila kukitazama kifaa hakuna faida yoyote.

Kwa upande wa mafundi, kila kifaa kiwe na umbo lake lililochorwa ubaoni, ili spana ikikosekana pengo lionekane kutoka mlangoni, na ndege iliyokuwa ikitengenezwa isitoke hadi spana hiyo ipatikane. Asubuhi watu wajipange bega kwa bega watembee kwenye lami wakiokota mawe, misumari na vipande vya waya. Mafuta yachukuliwe kutoka sehemu ya chini kabisa ya tangi, baada ya kutulia, yawekwe kwenye chupa safi ya kioo na kuinuliwa mwangani. Maji ni mazito kuliko mafuta ya jeti, kwa hiyo hukaa chini, na mstari unaoyatenganisha huonekana wazi ukiisubiri chupa itulie. Ukiona mstari huo, mwaga, chukua mengine, urudie hadi usiuone tena, na uandike kwamba uliyakuta maji.

Kuandika ndiko kunakopuuzwa zaidi. Tarehe 23 Februari 2008, ndege ya Marekani aina ya B-2, yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1, ilianguka Guam ikipaa, kwa sababu unyevu uliingia kwenye vihisio vya shinikizo la hewa na kompyuta ikapokea vipimo vya uongo. Marubani wawili walijirusha wakaokoka. Baadhi ya mafundi na marubani walikuwa wakijua tangu 2006 kwamba kuvipasha joto vihisio hivyo mapema hukausha unyevu, lakini ujuzi huo ulibaki kwa waliokuwepo, haukuingizwa kwenye utaratibu rasmi. Katika karakana zetu pia wapo mafundi wakongwe wanaojua kwa kusikia mlio tu kwamba gia fulani haiko sawa. Kaa nao, uliza, andika, na uhakikishe karatasi hiyo imefika kwa anayetayarisha mwongozo wa matengenezo.

Ndege ikiwa kuukuu, usikubali hoja kwamba imeruka miaka mingi bila tatizo. Hivyo ndivyo ilivyodhaniwa kuhusu ndege ya upelelezi ya Uingereza aina ya Nimrod iliyolipuka karibu na Kandahar, Afghanistan, tarehe 2 Septemba 2006 na kuua watu 14. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba tathmini yake ya usalama ilijazwa kwa kutia alama tu kwenye karatasi, huku hatari ya mafuta kuvuja karibu na bomba lenye joto kali ikiwa pale kwa miongo kadhaa.

Ndege wa angani

Eastleigh iko kilomita chache tu kutoka jaa la taka la Dandora, linalowavuta ndege wanaoweza kugongana na ndege zetu zikiruka au kutua, na makorongo wakubwa aina ya marabu tunaowaona kwenye miti ya Mombasa Road karibu na Nyayo wanaweza kufikia kilo 9. Weka mtu wa kuwaangalia kabla ya kila ndege kuruka au kutua, usiruhusu mabaki ya chakula kuachwa wazi ndani ya kambi, na ubadilishe saa za mazoezi ndege hao wanapozunguka kwa wingi.

Neno la kusimamisha safari

Sehemu hii ndiyo ngumu, kwa sababu jeshi limejengwa juu ya utiifu. Tarehe 24 Juni 1994, katika kambi ya Fairchild, jimbo la Washington, Marekani, rubani wa ndege ya kuangusha mabomu aina ya B-52 aliyejulikana kwa kuvunja masharti ya urukaji aliigeuza ndege kwa pembe kali mno karibu na ardhi wakati wa mazoezi ya maonyesho, ikaanguka, na wote wanne wakafa. Mmoja wao alikuwa Luteni Kanali Mark McGeehan. Yeye alikuwa amewaomba wakubwa wake wamzuie rubani huyo asiruke, wakakataa, naye akaamua kwamba hatawaruhusu vijana wake waruke na mtu huyo isipokuwa yeye mwenyewe awe ndani. Kila nikisoma habari hiyo nasikitika upya, kwa kuwa mtu alisema, tena kwa utaratibu uliostahili, na mfumo haukumpa msaada wowote.

Kamanda anayetaka jambo hilo lisitokee kwake aandike amri fupi, aisome mbele ya kikosi kizima na kuibandika karakanani. Iseme kwamba mtu yeyote wa kikosi anaweza kuisimamisha safari kwa sababu za usalama, kwamba sababu hiyo itachunguzwa na afisa asiyehusika na safari yenyewe, na kwamba aliyesimamisha hataadhibiwa hata ikigunduliwa hapakuwa na hatari. Kisha mara ya kwanza fundi kijana atakapoitumia, kamanda amshukuru hadharani. Wakimwona amekemewa, ile karatasi haitatumiwa tena na mtu yeyote.

Angani, rubani mwenza afundishwe maneno mafupi yenye heshima na yasiyo na utata: “Afande, sioni ardhi, tugeuke sasa.” Asipojibiwa, arudie mara moja. Asipojibiwa mara ya pili, ashike usukani, na amri za kikosi ziseme waziwazi kwamba anayo haki hiyo. Vilevile kila mmoja ajikague kabla ya kuja kazini: je, ni mgonjwa, anatumia dawa, amelala vya kutosha, ana jambo nyumbani linalomtafuna, amekunywa pombe katika saa 12 zilizopita, amekula?

Abiria mashuhuri wana uzito wao. Rubani asiachwe peke yake kubishana na waziri au jenerali anayewahi mkutano. Ateuliwe afisa mwingine wa kusimama mlangoni na kusema, “Mheshimiwa, hatuondoki kwa sasa, hali ya hewa haijatimiza masharti, na gari liko tayari.” Gari hilo liwe kweli liko tayari, limejazwa mafuta, dereva akiwa ndani, kwani anayeona njia nyingine ya kufika hushawishika upesi kuliko anayeambiwa asubiri tu.

Ikishatokea

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa sheria za usafiri wa anga duniani, hauzihusu ndege za kijeshi. Kwa hiyo ajali hizo huchunguzwa na jeshi lenyewe, na ripoti huweza kubaki kabatini. Siri za kivita zifichwe, lakini chanzo cha ajali na hatua zilizochukuliwa vitolewe kwa vikosi vingine vyote na, kwa muhtasari, kwa wananchi. Baada ya ajali ya Nimrod, Uingereza iliunda mwaka 2010 mamlaka ya kusimamia usalama wa ndege zake za kijeshi, na naona Kenya ingefaidika na chombo kama hicho chenye uhuru wa kutosha dhidi ya makamanda wa safari.

Raia wa Mathare, Eastleigh au Ngong akiiona ndege ya kijeshi imeanguka, apige 999 au 112 na aeleze mahali kwa kutaja barabara, shule au kanisa lililo karibu. Akae upande ambao upepo unatokea, kwa sababu moshi wa vifaa vya kisasa vya ndege una nyuzi zinazoumiza mapafu. Asiguse risasi, mabomu wala viti vya marubani, maana viti vya ndege za kivita vina baruti ya kuwarusha na inaweza kulipuka hata baada ya ajali. Asichukue kipande chochote, hata kikiwa kidogo na kimetupwa mbali kwenye shamba lake, kwani mahali kilipoangukia huwasaidia wachunguzi kujua ni sehemu gani iliyotengana kwanza. Akiwa amepiga picha au video, aihifadhi kama ilivyo, aandike saa na mahali aliposimama, kisha ampe mchunguzi atakapofika.