Washa udi kabla ya kupanda ua wa mpakani: kuusoma upepo wa mabondeni Nairobi

Muulize mkulima wa Dagoretti au Kangemi upepo wake unatoka wapi, atakuonyesha mashariki. Hajakosea. Mchana upepo hutoka huko: kaskazini-mashariki kuanzia Novemba hadi Machi, kusini-mashariki miezi ya baridi, ukipanda hadi Milima ya Ngong unakozungusha mitambo ya umeme. Ila kuna upepo wa pili, wa usiku, ambao hutoka upande wa pili kabisa, na wengi wetu tumelala unapopita.

Usiku usio na mawingu, ardhi ya miinuko ya Kikuyu na Limuru hupoa haraka. Hewa inayoigusa hupoa nayo, ikawa nzito, ikateremka polepole kama maji mtaroni, ikifuata mabonde ya mito inayoelekea mjini. Ikikuta kizuizi, hutuama.

Somo hili lilinigharimu nyanya. Nilikuwa nimepanda ua wa kayaba mpakani upande wa chini, nikauacha ukafungamana hata kuku hapenyi. Msimu wa Julai majani ya mistari ya chini yalikuwa yakishinda na umande hadi saa nne, na bakajani chelewa, ugonjwa wa ukungu unaoozesha majani, ikaanzia palepale kwenye ua, ikapanda mlima. Mistari ya juu ilikuwa salama. Nilinunua dawa mara mbili kabla ya kuufikiria ua.

Kwa hiyo anza kwa kupima. Chomeka mti wa mita mbili kila kona ya shamba, ufunge utepe wa leso kuukuu. (Zamani tungefunga kipande cha juala la plastiki, lakini tangu 2017 yamepigwa marufuku.) Utepe utakuonyesha upepo wa mchana. Wa usiku ni dhaifu, hautikisi kitambaa, kwa hivyo tumia kijiti cha udi. Saa tatu usiku, na tena alfajiri, kiwashe, ukishike usawa wa goti, utembee kutoka juu ya shamba hadi chini. Mahali moshi unapolala na kuteremka, hewa inapita. Mahali unapozubaa na kujikunja, umeingia kwenye dimbwi la baridi. Fanya hivyo wiki moja Julai na nyingine Januari, ukiandika upepo unatoka wapi, si unakokwenda. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa usikilize, ila ukumbuke kwamba kipimo rasmi cha upepo huwekwa mita 10 juu ya ardhi, mahali peupe. Sukuma wiki yako iko gotini.

Daftari likijaa, upande wa mashariki panda mstari wa mukima, yaani mti wa grevillea. Miti ya mita 6 hukinga takriban mita 60 nyuma yake, mradi upepo uchujwe na kupenya kiasi. Ukuta mzima wa mawe huurusha juu, ukaanguka kwa kishindo kwenye mimea.

Dawa usinyunyize jioni hewa ikiwa imetulia tuli. Wengi hudhani huo ndio wakati bora, kumbe matone madogo huelea na kuteremka na ile hewa baridi hadi kwa jirani na mtoni. Subiri asubuhi umande ukishakauka na kaupepo kakiwa kepesi.

Ua wa chini sikuung'oa. Nilikata mapengo mawili ya mita mbili pale moshi ulipokuwa ukijikunja, nikaziba kwa wavu kwa sababu ya mbuzi. Kayaba huchipuka upesi, kwa hiyo kila Mei narudi na panga.