Asubuhi ya kutazama ndege Sasumua, usikwame kwa maji

Watu wakifika Sasumua Dam, lile bwawa la Kinangop karibu na Njabini, wanakimbilia maji na siwalaumu, ndio yanaonekana kwanza. Lakini ukienda mwisho wa Mei, mvua ndefu zikiisha, maji yape nusu saa tu, asubuhi yote iliyobaki peleka kwa nyasi.

Toka Nairobi saa kumi alfajiri, shika barabara ya Nakuru, pale Flyover ukate kulia uende Njabini. Kama ni matatu, afadhali ulale Njabini usiku wa kuamkia. Huko juu ni kama mita 2,500, baridi ya Kinangop haina mchezo, so jaketi, gambuti, darubini, na kitambaa kikavu juu ukungu unalowesha lenzi kila saa. Dam inapeleka maji Nairobi na kuna walinzi, ongea nao kabla hujatoa kamera.

Kwa maji angalia vibisi, wale wadogo wa kupiga mbizi, bata wa mdomo wa njano, na red-knobbed coot, yule mweusi mwenye paji jeupe na vinundu viwili vyekundu. Vitwitwi wa Ulaya, wale ndege wa kando ya maji wanaohama, wengi walishaenda zao, usijisumbue.

Sasa nyasi. Fumbwe dume wa Jackson (Jackson's widowbird) msimu huo ako na suti yake nyeusi tii na mkia mrefu uliopinda, na anaruka juu anashuka palepale, juu tena, chini tena, kama mpira, jike akiangalia tu. Huyo hutamkosa. Kazi ni Sharpe's longclaw, ndege hapatikani nchi ingine yoyote isipokuwa Kenya. Kifuani ni njano yenye michirizi myeusi, lakini akikupa mgongo ni nyasi kavu kabisa! Usimtafute kwa nyasi ndefu, tafuta pale ng'ombe na kondoo wamekula zikawa fupi lakini mashungi ya nyasi ngumu yamebaki, kwa sababu anajificha na kutaga hapo chini ya mashungi. Tembea pole pole, angalia unapokanyaga, na sauti yake usicheze kwa simu, anaacha kiota bure.

Hizo nyasi ni shamba la mtu, bisha hodi. Mimi mzee mmoja alinionyesha longclaw wawili nyuma ya boma lake, halafu akanionyesha upande mwingine alikolima viazi, huko hakuna hata mmoja. Nyasi hazilipi karo, aliniambia.

Saa nne upepo ukianza ndege wanalala chini huwaoni tena. Rudi Njabini unywe chai, na ukiwa na njaa kuna chipsi, za viazi vya hapo hapo.