Kabla hujapandisha mabomba ya mita 6 kwenye keria

Wenye Land Cruiser 70 au 80 mnaojenga, msihangaike na zile reli nyembamba za urembo. Gari hizo zina mfereji wa maji ya mvua juu ya milango, na hapo ndipo pa kubana keria. Mpe fundi wa kuchomelea skweapaipu, atengeneze vyuma viwili vya kukingama vyenye miguu ya kubana kwa bolti, na chini ya kila mguu aweke kipande cha mpira wa tairi, la sivyo rangi itakwanguka na kutu ianze.

La muhimu ni umbali kati ya vyuma hivyo. Vikikaribiana, bomba linachezacheza mbele na nyuma kama pembea. Kimoja kiwe karibu na kioo cha mbele, kingine nyuma kabisa. Mzigo ufungwe katikati, kisha ncha ya mbele ishikwe kwa kamba hadi ndoano ya kuvutia gari, na ya nyuma vilevile. Watu wengi huruka hii ya mbele, na ndiyo inayookoa ukifunga breki ghafla.

Uzito nao upigie hesabu. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina karibu kilo 10.7, kwa hiyo kumi tu zinapita kilo 100, na keria yenyewe bado hujaihesabu. Nondo, kusema kweli, mwachie mwenye kirikuu. Mbao, mabomba ya plastiki na mabati machache yanatosha. Ncha ya nyuma ning'iniza kitambaa chekundu, na ukishatembea kidogo simama ukaze kamba upya. Lazima zitakuwa zimelegea.