Majilio: simu ikae mbali, Luka 1 iwe karibu

Wapendwa, hapa Dodoma Majilio, yaani wiki za kungojea Krismasi, yanakuja wakati mashamba ya uwele na mtama yanasubiri mvua, kwa hiyo kungoja tunakujua. Kunyamaza ndiko kunakotushinda.

Jaribuni hivi. Amka robo saa kabla ya watu wa nyumbani, simu iache chumba kingine (tafadhali, hata ile ya kusomea Biblia), ukae nje penye upepo wa alfajiri. Soma mistari michache tu ya Luka 1. Sura ina mistari 80, haina haraka, itakutosha wiki nyingi. Soma polepole, kwa sauti, mara mbili. Neno likikushika, baki nalo. Usianze kuomba mahitaji. Zakaria mwenyewe, baba yake Yohana Mbatizaji, alikaa bubu mpaka mtoto alipopewa jina, na kinywa kilipofunguka kilitoka na sifa. Kisha andika sentensi moja kwenye daftari.

Dakika za kwanza utasikia ada za shule na deni la dukani. Ni kawaida, usikate tamaa. Samweli aliitwa na Mungu mara tatu akidhani ni kuhani Eli, na ni Eli mzee aliyemwelekeza. Kwa hiyo ukihisi umeambiwa jambo zito, kama kuhama au kuacha kazi, usikimbilie kulitenda. Lipime kwa Maandiko, halafu mpelekee mchungaji, padre au mama mmoja mwombaji unayemwamini. Mimi naliacha hata wiki nzima. Lile la kwenda kumwomba jirani msamaha halihitaji kupimwa. Nenda asubuhi hiyo hiyo.